Msitukalishe wazee, kiti ndo kinatumaliza

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama nimekuzidi basi naisubiri yangu. Naandika hii barua kwa simu nikiwa barazani kwangu hapa Korogwe, nisamehe na herufi maana hii simu ina tabia ya kunisahihisha hata maneno ambayo sikuyakosea. Gazeti lenu nimelisoma tangu niko kazini reli na ukurasa wa afya siurukagi, ila kuna jambo linanikera siku nyingi na mwezi huu limenifika shingoni, nikasema leo ntaandika hata kama bando litaisha.

Nianze na picha. Kila mkiandika habari za wazee mnaweka mzungu na mke wake, mvi za kupendeza, meno yote thelathini na mawili, wamevaa raba nyeupe wanakimbia ufukweni, na pembeni mnatuambia tule salmon, lozi na brokoli. Brokoli mimi naijua, inalimwa huko juu Lushoto, inashuka na magari usiku inakwenda zake Dar, hapa kwetu inapita tu kama mgeni wa mtu mwingine. Huyo salmon sijui hata anafananaje. Sasa mzee wa Manundu, mtaa wa hapa kwetu Korogwe, akisoma pale anakunja gazeti anasema haya mambo ya wenye nazo, anarudi kwenye chai yake na maandazi mawili. Na hayo maandazi mawili ndo yanammaliza, ntakuja kusema.

Lakini la picha ni dogo. Kilichonichomoa ni tarehe 1 Oktoba, ile Siku ya Wazee Duniani ambayo Umoja wa Mataifa waliipitisha mwaka 1990 ikaanza kuadhimishwa 1991. Tuliitwa wazee uwanjani, tukaambiwa tufike saa mbili asubuhi. Tukafika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, kila mzee anashikwa mkono anakalishwa, haya babu kaa hapa, haya bibi kaa hapa, soda hii hapa na biskuti. Mgeni rasmi akaja saa sita kasoro. Hotuba yake ilikua nzuri kusema kweli, alituhimiza wazee tufanye mazoezi tusikae kae tu, akaliongea hilo kama nusu saa na sisi tumekaa mwaka wa nne pale, maana masaa manne kwenye kiti cha plastiki ni sawa na miaka. Tulipoambiwa tusimame kumuaga, Mhariri ungekuepo ungecheka na ungelia. Robo tatu ya wazee hawasimami. Vijana wanapita katikati ya mistari wananyanyua watu kwa makwapa kama wanapakua magunia, mzee mmoja aliondoka na kiti kimemng'ang'ania nyuma.

Pale nikaona tatizo letu lote limekaa wazi. Heshima tunayoijua kwa mzee ni kiti. Msibani mpisheni mzee akae, harusini mzee akae, ukishika ndoo unanyang'anywa, ukishika jembe mtoto anakuja mbio, baba acha bwana watu watasemaje. Mapenzi ya kweli kabisa hayo, sibezi, kuna wazee wenzetu wametelekezwa hawana hata huyo wa kuwanyang'anya ndoo. Lakini nawaambia watoto wetu kwa nia njema, hicho kiti mnachotupa kwa mikono miwili ndo kinatuzika, na mimi kimenizika nusu nikachomoka kwaiyo nazungumza ninachokijua.

Mimi nilikua gengi ya reli, njia hii hii ya Tanga kwenda Moshi, kipande cha kwetu kilikua kati ya Korogwe na Mombo. Vijana wa sasa hawajui gengi ni nini. Ni sururu, beleshi na mtaimbo, ni kubadilisha mataruma yanayobeba reli kwenye jua la Januari, ni kushindilia kokoto mpaka nyapara aseme tosha, na nyapara wetu hakua na neno hilo mdomoni. Miaka yangu ya mwisho nilipewa kazi ya kupita juu ya njia kila asubuhi na nyundo na spana ndefu, naangalia bolti iliyolegea, nakaza, nasonga mbele, kilomita kadhaa kwenda na zilezile kurudi. Sikujua kama yale ni mazoezi. Ungeniambia zamani zile kuna watu wanalipa hela waende jengo fulani wakatembee juu ya mkanda usiokwenda popote ningekuuliza umekula nini.

Nilistaafu nikiwa na 60 kama sheria inavosema, nikaendelea na shamba langu la mahindi na migomba na mbuzi wachache, sikua na neno. Shida ilianza mama watoto alipofariki. Binti yangu mkubwa akaja kwenye arobaini akasema baba hukai hapa peke yako, unakwenda na mimi Dar. Nikaenda. Na wallahi nilipokelewa, sina la kumlaumu mwanangu wala mkwe wangu. Chumba changu, feni, tivii kubwa na sofa moja lile ukikaa linakumeza. Asubuhi chai ya maziwa na mkate mweupe, mchana wali, jioni ugali wa sembe. Meno yangu ya nyuma yameshakwenda, kwaiyo nyama ikipikwa mimi nawekewa mchuzi, baba hawezi kutafuna mpe mchuzi, na mimi nikawa nasema mchuzi mtamu, kumbe nyama yote inakwenda kwa walio na meno. Nikitaka kwenda dukani, baba tutamtuma dada. Nikitaka kufagia uwanja, aa baba majirani watatuonaje. Kutoka chumbani mpaka sofani hatua kumi na nne, nilizihesabu, maana sikua na cha kuhesabu kingine.

Miezi kumi na minne nimekaa hivo. Na kitu cha ajabu, mzani ulikua hausemi kitu! Nimeenda na kilo 64, napimwa kila kliniki ya presha, 64, 65, 64, na kila mtu anasema mzee yuko vizuri. Aliyejua ukweli ni suruali. Ile suruali ya kaunda suti ninayoendea Ijumaa ikawa kiunoni haifungi na mapajani inapwaya inapigapiga kama bendera. Yaani nyama ya miguu inaondoka, mafuta ya tumbo yanaingia, mzani unajumlisha tu hauulizi nini ni nini. Mzee mwenzangu unayesoma hapa nakuomba kabla hujaamini mzani kaulize suruali yako, na bibi kaulize mkono wa gauni lako.

La pili lililoniambia ni sala. Wengine mtanielewa. Kwenye sijda kushuka si shida, dunia inakuvuta yenyewe, kazi ni kunyanyuka. Kwanza nikawa naweka kiganja chini kujisukuma, baadae viganja vyote viwili, baadae nashika bega la aliye jirani na yeye yuko kwenye sala yake maskini. Kijana mmoja wa msikitini akaniletea kiti kwa adabu kabisa, babu sali hapa, dini ina wepesi. Na kweli ina wepesi, mwenye maradhi anasali hata amelala, sibishani na hilo hata kidogo. Ila mimi sikua na maradhi. Nilikua nimekaa sana, basi.

Halafu nikaanguka. Usiku saa tisa nakwenda chooni, vigae, maji ya mtu aliyeoga, ndala zimeisha soli. Niliona mguu unateleza na nikajua kabisa ningekua na nguvu kidogo tu ya paja ningejizuia, lakini amri ilitoka kichwani mguu haukuitika. Namshukuru Mungu sikuvunjika. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama mtu mzima, alianguka hivohivo akavunjika nyonga na hakurudi tena kuwa yule. Mimi niliamka na nundu na aibu. Hospitali niliyopelekwa, siitaji, daktari kijana alinitazama kama dakika nne, akamwambia binti yangu sio mimi, akamwambia huu ni uzee tu mama, mzuieni asitembee tembee usiku. Nimekaa pale kama mzigo unaojadiliwa na makarani. Tukarudi na panadol, na kiti kingine, sasa cha bafuni.

Aliyeniokoa ni binti mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye kituo kingine tulipokwenda kwa ajili ya bega. Alinipa shikamoo yake nikaitika, akasema babu bega tutaliona, kwanza nyanyuka kwenye hicho kiti bila kushika mikono. Mikono akaniambia niikunje kifuani kama mtu anayesikia baridi, akashika simu, akasema sekunde thelathini, kaa simama kaa simama nakuhesabu. Kiti cha kawaida cha mbao kisichokua na mikono. Mhariri nilipata sita. Ya saba nilifika nusu nikarudi chini puu. Akaniambia babu kwa mwanaume wa umri wako, mimi nina 71, chini ya 12 ina maana miguu imeanza kukuacha, na wewe umepata sita. Nikamwambia mwanangu mimi nilikua nabeba taruma. Akasema taruma ulilibeba lini?

Sina jibu mpaka leo.

Yeye ndo alinieleza mambo ambayo nayaweka hapa kwa lugha ya gengi. Nyama ya mwili inaanza kupungua polepole mtu akishavuka miaka ya thelathini, na ukipita 60 inapungua kwa kasi zaidi, hiyo kwa kila mtu. Lakini kukaa na kulala kunaongeza mwendo ule kama toroli iliyoachiwa mteremkoni. Akaniambia kuna watafiti Marekani waliwalaza wazee wazima wasio na ugonjwa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku kumi! Mimi nimekaa miezi kumi na minne. Nikamuuliza sasa si ndo imeshakwenda, akacheka, akanipa ya wazee wa Boston, mwaka 1990, wazee wa miaka 86 mpaka 96 waliokua kwenye nyumba ya kutunzia wazee, watu dhaifu kabisa, wakapewa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu wiki 8, nguvu zao zikapanda zaidi ya mara mbili. Watu wa miaka tisini Mhariri. Nikasema kama wa tisini wameweza mimi wa 71 nna nini cha kulilia.

Sasa ntasema ninachofanya, na sio kwamba mimi ni mwalimu wa mtu. Kwanza nilirudi Korogwe. Tuliongea na binti yangu usiku mzima, akalia, akasema watu watasema nimekufukuza, nikamwambia watakaosema hawatakuja kuninyanyua chooni. Kila asubuhi baada ya alfajiri natoa kiti barazani, nakunja mikono kifuani, nakaa nasimama, napumzika, nakaa nasimama. Mwanzo mara tano naona nyota. Majirani walifikiri nimepata jambo kichwani, mzee gani anakaa anasimama peke yake gizani. Halafu nasimama kwa mguu mmoja nimeshika fremu ya mlango, siku nikijisikia naachia. Tulivyokua vijana gengi tulikua tunashindana kutembea juu ya reli moja bila kudondoka, anayedondoka ananunua kahawa, na mimi nilikunywa sana kahawa za bure. Siku hizi sijaribu kwenye reli maana treni ya abiria ya kaskazini ilirudi Desemba 2019 na mizigo inapita, sina haja ya kugongwa kwa ajili ya afya. Nimechora mstari wa mkaa kwenye sakafu ya baraza, natembea kisigino kugusa kidole, kwenda na kurudi. Wajukuu wakija likizo wananifata nyuma tunakua treni.

Na sokoni nakwenda kwa miguu. Kutoka kwangu mpaka Manundu ni kama dakika ishirini na tano mwendo wangu, na kurudi na kikapu mkononi ni zaidi. Bodaboda wote wa kijiweni wananijua, wameacha kuniita. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu wa 65 na kuendelea apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo unaotoa jasho kidogo, na juu yake siku mbili za kutumia misuli kwa nguvu, na siku tatu za mambo ya kujiimarisha usianguke. Ukigawa kwa siku saba ni dakika ishirini na kitu tu. Safari moja ya soko umemaliza hesabu na nyanya umenunua. Huhitaji raba nyeupe. Mimi natembea na viatu vya kata mbuga, ila soli naziangalia sana, soli ikiisha namrudishia fundi siku hiyohiyo.

Chakula sasa, hapa ndo penyewe. Yule binti alinipigia hesabu ya protini. Mtu mzima mwenye umri wetu kwa kila kilo ya mwili anahitaji kama gramu moja mpaka moja na pointi mbili kwa siku, kwaiyo mimi wa kilo 64 ni kama gramu 64 hadi 77. Kikombe cha maharage yaliyoiva kinakupa kama 15, glasi ya maziwa 8, yai moja 6. Tukajumlisha siku yangu ya Dar, chai na mkate, wali na mchuzi, ugali na mchicha kidogo, hata nusu hatukufika. Nilikua nashiba kila siku na nina njaa kila siku. Hiyo ndo maana nimesema maandazi mawili, sio kwamba andazi ni sumu, ila ukiwa mzee tumbo linakua dogo, hamu inapungua, ukishalijaza andazi na chai ya sukari hakuna tena nafasi ya kitu cha maana, nyama ya mwili inabaki inaomba.

Sasa naomba niwaambie habari za dagaa. Msinicheke. Dagaa wakavu nawanunua kwa kipimo, nawachambua vichwa na mchanga, nawaosha na maji ya moto, nawaanika tena juani mpaka wakauke kau, nawakaanga kwenye kikaango kitupu bila mafuta wakaribie kuvunjika, halafu naingia nao kwenye kinu. Ule unga nauweka kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko. Asubuhi uji wa dona, na ukishaiva natia vijiko viwili vya unga wa dagaa na ndimu, sukari hapana. Mjukuu alisema babu unakula uji wa mtoto anayeachishwa ziwa. Ni kweli kabisa, ndo chakula hichohicho, yeye anajenga mwili na mimi naukarabati. Meno hayahitajiki, na ile mifupa yake imo humo humo imesagika, mfupa unalisha mfupa. Siku nyingine natia karanga zilizosagwa. Mchana kunde au maharage, nayaponda kidogo na mwiko, na kisamvu cha nazi au matembele au mlenda, ugali mdogo wa dona sio ule mlima. Mtori nikipata nyama, naipika ikalainika kabisa halafu naiponda pamoja na ndizi, hapo hakuna cha kusema mzee mpe mchuzi. Jioni maziwa mtindi, au yai, tunda la msimu, machungwa ya Muheza yanafika hapa bei ya kutupa msimu ukikolea, mapapai sinunui nnayo uwanjani.

Nikukumbushe pia ng'onda, yule samaki mkavu. Sisi watu wa mkoa wa Tanga tunampenda ng'onda na mimi sijamuacha, ila yule amelala kwenye chumvi na mimi nna presha, chumvi yote ya siku haitakiwi kuzidi kama kijiko kimoja cha chai, gramu 5. Kwaiyo nalowesha usiku kucha namwaga maji, nalowesha tena, halafu chunguni siongezi kitu. Wenye matatizo ya figo hii habari ya protini nyingi wasiichukue kwangu, waulize daktari wao, daktari anayemtazama mgonjwa machoni lakini.

Na maji. Wazee hatusikii kiu kama zamani, na wengine tunajinyima makusudi kwa kuogopa kuamka usiku. Mimi nakunywa ya kutosha mpaka alasiri, magharibi napunguza. Basi.

Kuna la kula peke yako ambalo wataalamu wenu hawaliandiki. Mama watoto alipoondoka nilikua napika chai tu, kwa nini uwashe mkaa kwa ajili ya mtu mmoja. Wajane na wagane wengi ndo tunakwisha hivo, sio umaskini peke yake, ni uvivu wa huzuni. Mimi na mzee mwenzangu wa nyumba ya pili tumekubaliana mchana tunakula pamoja, leo kwangu kesho kwake, yeye Mpare mimi Mzigua, kwaiyo na ubishi wa bure upo, na mtu akibisha anakula zaidi.

Hapo lazima niseme kitu maana dada yangu atasoma hii na atanipigia. Haya ya kiti ni ya sisi tuliochukuliwa na watoto wa mjini, au tuna watoto wenye uwezo. Dada yangu ana miaka themanini na ushei, yuko kijijini Handeni, anachota maji mwenyewe, analima, analea wajukuu watatu walioachwa na mama yao kwenda kutafuta maisha. Ukimwambia huyo afanye mazoezi anaweza kukupiga na mtwango. Yeye na wamama wengi wa umri wake hawana shida ya kukaa, wao wangepata kukaa wangeshukuru, shida yao ni kwamba wanapakua kwa watoto wanabaki na ukoko. Nilimwona kwa macho yangu, samaki mmoja kakatwa vipande vinne, wajukuu watatu na mimi mgeni, yeye akasema mimi sina hamu ya samaki. Muongo. Huyo anahitaji yai, na trei ya mayai inakaribia elfu kumi. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 kila aliyefikisha 70 anapata pensheni jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, sio hela nyingi lakini ni trei mbili za mayai na inatoka bila kumuomba mtoto. Huku bara aliyekua hajaajiriwa, kama dada yangu, anaangalia mkono wa mtu. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003, ukiisoma ni nzuri sana.

Kwaiyo Mhariri nna maombi. Mwaka kesho 1 Oktoba wakitualika, waseme tunakutana pale stendi tutembee wote mpaka uwanjani, pole pole, wenye fimbo na fimbo zao, na hotuba tuisikilize tumesimama tuone itakua ndefu kiasi gani. Badala ya soda na biskuti wakaange mayai. Nyie nanyi mtupige picha sisi, tupo, hatuna raba na meno yamepungua lakini tunapigika picha vizuri tu.

Na watoto wetu, baba yako akishika ndoo, mpe ndogo. Usimnyang'anye, mpe ndogo. Akitaka kwenda dukani mwache aende, muongoze kuvuka barabara ya lami basi. Chooni weka taa na kitu cha kushikia, futa maji, mnunulie ndala zenye soli kuliko kumnunulia sofa. Kwenye sinia la chakula mtenge wa kwanza na nyama yake ipondwe. Ukitaka kujua hali yake usimuulize baba unajisikiaje, atasema namshukuru Mungu hata akiwa anakufa. Mpe kiti kisicho na mikono, mhesabie sekunde thelathini.

Mimi juzi nimepata kumi na tatu. Ya kumi na nne nilikua hewani simu ikalia.

Ijumaa iliyopita nilisali safu ya pili, chini, sijda na kunyanyuka bila kugusa bega la mtu. Pembeni kwenye kiti kama kile changu cha Dar nilimkuta amekaa mzee mwenzangu mmoja, mdogo kwangu kwa miaka minne, fundi baiskeli hapa mjini, suruali imempwaya mapajani nikaijua ile suruali. Baada ya sala nilimshika mkono tukatoka wote. Kesho asubuhi anakuja barazani kwangu. Nimemwambia kiti aje nacho, mimi nnacho kimoja tu.

Wenu,
Mzee wa reli, Korogwe

Nyongeza: mkiifupisha barua kwa ajili ya nafasi kateni habari za Boston, dagaa waacheni kama walivyo.